Joto Limekwama Wapi?

Mwanangu, fomula unayoitafuta ni fupi. Nakuandikia sasa hivi ili moyo wako utulie, kisha tuzungumze. Joto linalovuka ndani ya kibadilisha joto kila sekunde ni U mara A mara tofauti ya halijoto. Basi. A ni eneo la chuma kinachotenganisha chenye moto na chenye baridi. Tofauti ya halijoto ndiyo inayolisukuma joto livuke. U ni wepesi wa kuvuka huko, kwa kila mita ya mraba na kwa kila digrii.

Naona unataka kuinuka. Kaa kidogo. Eneo utalipata kwa kupima urefu na kipenyo cha mabomba na kuyahesabu. Tofauti ya halijoto utaikokotoa. Ila U haikai mahali pamoja. Ukiichukua kitabuni ilivyo, ukaibandika kwenye kifaa usichowahi kukifungua, utapata jibu lenye tarakimu nyingi baada ya nukta na lisilo na ukweli ndani yake. Nimeliona hilo kwa watu wenye shahada nzuri, na kwangu pia, nitakueleza.

Tuchukue kifaa kimoja tukijue vizuri. Kipoza oili cha injini ya jenereta, kile mafundi wanachokiita oili kula. Ni pipa lefu lenye mabomba membamba ndani. Maji yanapita ndani ya mabomba, oili inayazunguka kwa nje. Oili inaingia na digrii 90, inatoka na 50. Maji yanaingia na 25, yanatoka na 45. Kila upande unapitisha kilo 2 kwa sekunde.

Kabla ya kuigusa U, fanya hesabu ya pande mbili. Kilo moja ya oili huhitaji takriban kilojuli 2.1 ili ipande digrii moja. Maji huhitaji 4.18. Upande wa oili ni 2 mara 2.1 mara 40, yaani kilowati 168. Upande wa maji ni 2 mara 4.18 mara 20, yaani kilowati 167. Zimekubaliana. Joto lililotoka kwenye oili halina pa kwenda ila kwenye maji, na kidogo sana hutorokea hewani kupitia ukuta wa pipa. Kwa hiyo pande mbili zikipishana sana, kipimo kimojawapo si sahihi, na kila utakachokokotoa baada ya hapo kitaurithi ubaya huo.

Vijana huruka hatua hii. Huona ni ya watoto wa shule. Lakini katika maisha yangu ya kazi, hesabu zilizoharibika hapa ni nyingi kuliko zilizoharibikia kwenye logariti. Kipimajoto kimechomekwa kwenye mfuko mkavu, kinasoma halijoto ya chuma na hewa. Mita ya mtiririko imekula chokaa. Au kuna bomba la pembeni lenye vali inayovuja, na nusu ya oili inapita huko bila kuingia kwenye kipoza kabisa, nawe unaihesabu yote.

Fundi aliyenifunza kazi, Mungu amrehemu, hakuamini vipimajoto viwili. Alikuwa na kimoja chake. Alipima maji yanapoingia, akakitoa, akakipangusa, akaenda kupima yanapotoka. Nilimwona anapoteza wakati. Siku moja alinieleza akiwa amechuchumaa karibu na flanji: kikiwa kinakosea digrii moja, kitakosea digrii ileile huku na kule, na ukitoa moja kwa nyingine kosa linajifuta. Jambo hilo ni kubwa kuliko linavyosikika. Kuna vipoza ambavyo maji hupanda digrii 4 tu. Hapo vipimajoto viwili vikipishana kwa digrii moja, robo ya jibu lako imekwenda.

Na subiri, mwanangu. Usipime injini ikiwa ndiyo kwanza imepewa mzigo. Chuma chenyewe bado kinakunywa joto. Acha namba zitulie, uzisome tena, zikiwa zilezile ndipo uandike.

Sasa tofauti ya halijoto. Haiwezi kuwa 90 toa 25, kwa sababu hiyo ipo mwanzoni tu, au haipo kabisa. Oili na maji zikiingia kutoka upande mmoja na kusafiri pamoja, tofauti huanza na 65 na kuisha na 5. Zikisafiri kinyume, upande mmoja una 90 toa 45, yaani 45, na upande wa pili una 50 toa 25, yaani 25. Wastani tunaoutumia ni wa logariti: chukua tofauti kubwa utoe ndogo, kisha ugawe kwa logariti asilia ya kubwa juu ya ndogo. Mikondo ikiwa kinyume unapata digrii 34. Ikiwa sambamba unapata 23.4. Oili ni ileile, maji ni yaleyale, kazi ni ileile, lakini mikondo sambamba itadai chuma zaidi karibu kwa nusu. Ndiyo maana nikikuta mabomba ya maji yameunganishwa kinyumenyume baada ya matengenezo, huwa sishangai kusikia kwamba oili inachemka.

Mara nyingi utakutana na kifaa ambacho maji huenda hadi mwisho wa pipa kisha hugeuka na kurudi. Hapo yanasafiri nusu ya safari na oili na nusu dhidi yake. Basi ile 34 hupunguzwa kwa kizidisho tunachokiandika F. Bowman, Mueller na Nagle walichapisha michoro yake Marekani mwaka 1940 na bado tunaitumia. Kwa namba zetu F ni 0.87, hivyo unabaki na digrii 29.6. Ukiona F imeshuka chini ya 0.75, usiendelee na umbo hilo. Hapo mchoro unashuka kwa kasi, na badiliko dogo la halijoto ya mto au bahari linaweza kukiangusha kifaa kizima. Tafuta kifaa kingine au uviweke viwili mfululizo.

Haya, tumefika kwenye U. Hapa naomba simu uiweke chini.

Joto likitoka kwenye oili hadi kwenye maji hupita vizuizi kadhaa, kimoja baada ya kingine. Kwanza utando wa oili unaogusa bomba. Kisha uchafu wa nje. Kisha ukuta wa bomba. Kisha ukoko wa ndani. Kisha utando wa maji. Kila kimoja kina ukinzani wake, na ukinzani wote hujumlishwa. Moja juu ya jumla hiyo ndiyo U. Tuseme katika oili kula yetu upande wa oili una uwezo wa kupitisha wati 300 kwa mita ya mraba kwa digrii, na upande wa maji wati 4,000. Hizo ni namba za kawaida, oili ni nzito na hujikokota, maji ni mepesi na yana msukosuko. Ukinzani wa oili ni 0.00333. Wa maji ni 0.00025. Tukiuacha ukuta na uchafu kwa sasa, jumla ni 0.00358, na U inakuwa 279. Tazama vizuri. U iko karibu na 300, wala haina habari na 4,000. Upande mbovu ndio unaoamua.

Unakijua kivuko cha Likoni. Hata wakipanua barabara ya Ukunda iwe njia sita, feri zikiwa mbili watu watangoja palepale. Ndivyo joto linavyongoja upande wa oili.

Mimi sikulijua hilo kwa mwili wangu mpaka nilipolipia. Nilikuwa kijana, pengine wa umri wako. Katika mtambo mmoja wa pwani oili ilikuwa inatoka moto kupita kiasi. Mkubwa wangu aliniuliza, nami nikajibu haraka, kwa sababu nilitaka aone kwamba najua: tuongeze maji. Nikaandika ombi la pampu kubwa zaidi. Pampu ikanunuliwa. Ikafungwa. Oili ikashuka kidogo tu, umeme wa pampu ukapanda sana, na nikabaki nimeduwaa mbele ya watu waliokuwa wameniamini.

Hebu tulikokotoe kosa hilo kwa kifaa chetu, maana ndipo utakapoona thamani ya hesabu. Ukiongeza maji maradufu, uwezo wa upande wa maji hupanda kwa mbili kipeo cha 0.8, yaani mara 1.74. Kutoka 4,000 unafika karibu 6,960. Inaonekana ni nyingi. Lakini U inatoka 279 inafika 288 hivi. Asilimia tatu. Kuna faida nyingine ndogo, kwamba maji mengi hayapati joto sana njiani, hivyo tofauti ya halijoto inaongezeka kidogo. Ukijumlisha yote, mikondo ikiwa kinyume, oili itatoka na digrii 47 badala ya 50. Digrii tatu. Na kuyasukuma maji maradufu katika mabomba yaleyale hudai nguvu ya pampu karibu mara nane.

Sasa acha maji kama yalivyo, ushughulikie oili. Ukifanikiwa kuutoa uwezo wake kwenye 300 uwe 450, U inafika 404, na oili inatoka na digrii 42 na nusu hivi. Hakuna pampu mpya hapo.

Mle ndani ya ule mtambo, tulipolifungua pipa hatimaye, tulikuta kanda za kuzibia kati ya mabamba yanayoiongoza oili na ukuta wa pipa hazikurudishwa kwenye matengenezo yaliyotangulia. Oili ilikuwa inapita pembezoni, njia rahisi, bila kuyagusa mabomba ya katikati. Lilikuwa jambo la kuonekana kwa macho. Ningelifungua kwanza, ningeliona.

Utaniuliza hiyo 47 nimeipataje bila kuijua halijoto ya maji yanapotoka. Umeuliza vizuri. Wastani wa logariti hutaka uzijue halijoto zote nne. Ukizijua mbili za kuingia tu, utazunguka kwa kubahatisha na kurudia. Kuna njia ya pili, ambayo Kays na London wa Chuo Kikuu cha Stanford waliieneza kwa kitabu chao cha mwaka 1955 kuhusu vibadilisha joto vidogo vyenye eneo kubwa. Unazidisha U kwa A, unagawa kwa uwezo wa kubeba joto wa mkondo ulio dhaifu, hapa ni oili, kilo 2 mara 2.1. Unapata namba isiyo na kizio. Kwa kifaa chetu ni kama 1.18. Kutoka hapo unapata ufanisi, yaani sehemu ya joto lote ambalo lingeweza kuvuka. Kwetu ni 0.615: oili imeshuka digrii 40 kati ya 65 zilizokuwepo. Unapokisanifu kifaa kipya, tumia logariti. Kifaa kikiwa tayari kimesimama mbele yako nawe unauliza kitafanya nini mambo yakibadilika, tumia njia hii. Mimi niliing'ang'ania ya kwanza kwa kila kitu, nikapoteza jioni nyingi.

Vifaa vingine nitakupitisha upesi. Rejeta ya gari ni mikondo ya kukatana, maji yanakwenda njia moja na hewa inapita katikati. Hewa ndiyo upande mbovu, mbovu kuliko hata oili, na ndiyo sababu imepewa mapezi yale membamba ili iongezewe eneo. Ukiona mapezi yamejaa vumbi na wadudu, usianze kulaumu pampu ya maji. Kwenye meli zinazofunga Kilindini, kipoza kikuu husanifiwa kwa bahari yenye digrii 32 na maji baridi ya injini yenye 36. Zimebaki digrii nne tu za kufanyia kazi, hivyo eneo lazima liwe kubwa na kila ukoko unaonekana kwenye kipimajoto siku hiyohiyo.

Ila kifaa cha mabamba ninakipenda, nacho nitakaa kidogo. Richard Seligman wa kampuni ya APV huko Uingereza ndiye aliyekitengeneza mwaka 1923, kwa ajili ya maziwa. Mabamba membamba yenye mikunjo yanabanwa pamoja, gasketi katikati, chenye moto kinapita upande huu wa bamba na chenye baridi upande ule. Maziwa yanatakiwa yapande kutoka digrii 4 hadi 72, yakae hapo sekunde 15, kisha yarudi 4. Kwa lita 5,000 kwa saa, kuyapandisha kunahitaji kilowati 379 hivi. Ni moto mwingi. Lakini maziwa yaliyokwisha kuiva yanataka kupoa, na mabichi yanataka kupata joto. Yakutanishe kwa mikondo kinyume. Ukirudisha asilimia 90 ya joto, mabichi yanafika digrii 65 bila boila, nayo boila inabakiwa na kazi ya kilowati 38 tu. Mara ya kwanza nilipoikokotoa hesabu hiyo niliirudia, nikidhani nimepoteza sifuri.

Na hapo kuna mtego utakaoinasa kompyuta yako. Katika sehemu hiyo tofauti ya halijoto ni 6.8 mwanzo, na 6.8 mwisho. Fomula ya logariti itakupa sifuri juu ya sifuri. Skrini itaandika kosa. Kijana mwenye haraka hubadilisha namba moja kidogo ili kosa liondoke, bila kuelewa. Tofauti ikiwa sawa kila mahali, wastani wake ni hiyohiyo, 6.8. Kwa U ya 3,000 utahitaji mita za mraba karibu 17, na mabamba hayo yote yanaingia mahali unapoweza kuyazunguka kwa hatua chache.

Jambo la mwisho ni ukoko, nalo linataka uangalifu tofauti kwa kila kifaa. Kwenye kifaa cha pipa na mabomba ambacho kikiwa safi kina U ya 1,000, tukiweka akiba ya uchafu ya 0.0002 kila upande, U inashuka hadi 714. Inavumilika. Chukua akiba hiyohiyo uipeleke kwenye mabamba yenye U ya 4,000. Inaanguka hadi 1,540. Utanunua mabamba mara mbili na nusu ya yanayohitajika. Kisha, kwa kuwa mabamba ni mengi, kila njia itapata maji kidogo, yatakwenda polepole, na uchafu utatuama zaidi. Akiba imeleta ubaya iliokusudiwa kuuzuia. Mabamba yana msukosuko unaoyasafisha, basi yape akiba yake ndogo, kisha panga siku za kuyafungua na kuyaosha.

Chokaa ya milimita moja tu ndani ya bomba huongeza ukinzani wa karibu 0.0005. Kwenye oili kula yetu hilo lingeishusha U kutoka 279 hadi 245. Kwenye kondensa ya mvuke lingeikata vibaya sana. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba milimita moja si kitu, muulize kwanza ni kifaa gani, na upande mbovu ni upi.

Kifaa kikiwa kipya, au kimetoka kuoshwa, kipime siku hiyo. Halijoto nne, mitiririko miwili, shinikizo la kuingia na la kutoka. Kokotoa U yake, iandike kwenye daftari na tarehe. Rudia kila mwezi kwa mzigo uleule. U ikishuka na shinikizo la maji likipotea zaidi kuliko mwanzo, kuna kitu kimejaa ndani ya mabomba. U ikishuka na shinikizo la oili lisibadilike, au likapungua, shuku oili inayopita pembezoni. Namba hizo hazipo katika kitabu chochote, kwa sababu ni za kifaa chako, na maji ya kisima chako, na mikono ya mafundi wako.

Jumatatu ukirudi kazini, nenda na kipimajoto kimoja. Subiri mtambo ukae kwenye mzigo wake kwa saa nzima. Hakikisha vali ya bomba la pembeni imefungwa. Andika kwa kalamu, na pale palipo na shaka andika shaka. Kisha niletee karatasi hiyo hapa mezani, tuanze na kilowati za oili na kilowati za maji tuone kama zinakubaliana.